Baba Mkwe, Bata Hawatoi Ushahidi

Baba mkwe,

Leo nakuandikia wewe mwenyewe, simtumi bata. Shikamoo. Najua hapo ulipo umekohoa na kugeuza uso, kwamba mke wa mwanao anakusalimia waziwazi kama tumecheza rede pamoja. Wewe geuka tu, mimi nimechoka kugeuka. Barua hii sitaifunga wala kuificha. Aisome anayetaka, hapa Kimamba na kule Mikumi, hata huyo mdogo wako aliyeendesha kikao, na wote wajue kwamba naiandika nikiwa na hasira. Nasema mapema ili nisije nikaonekana ninalia. Silii.

Nilipoolewa kwenu nikitokea milimani kwetu, nilifundishwa mambo mengi kwa haraka. Nisipite mbele yako. Nisikutaje jina wala kukusemesha. Nisikae kwenye kiti ulichokalia. Tukikutana njiani, nitoke njiani niinamie majani mpaka upite. Ndiyo mila ambayo babu yako alikuja nayo kutoka Tukuyu alipokuja kukata mkonge. Mkonge umekufa, mashamba yamekuwa vichaka, mila mmebaki nayo. Hata kwetu mkwe anaheshimiwa, lakini mtu na mkwe wake wanajuliana hali, wanaulizana mvua imenyeshaje. Nilimuuliza mama mkwe, Mungu amrehemu, itakuwaje siku nyumba ikiungua nawe umelala ndani. Alicheka, akaniambia, "Utapiga kelele kwa majirani, mwanangu, wao watamwamsha."

Halafu mama akatutoka. Mume wangu Lusajo, mwanao mkubwa, akawa anafuata vibarua vya reli, mwezi huku, mwezi kule. Mdogo wake Asajile akahamia Mikumi kukaanga chipsi na samaki barabarani. Tukabaki nyumbani wewe, mimi, watoto, na lile bwawa ulilokuwa umeanza kulichimba kule chini unakopita mfereji. Ulichimba asubuhi, ukaondoka. Nilikwenda mimi mchana, nikachimba, nikaondoka. Kesho yake ulikuta udongo umepungua na hukuuliza. Bwawa lilikwisha hivyohivyo, kila mtu na zamu yake, kama watu wasiojuana.

Lakini wavu haukubali zamu, Baba. Wavu unataka watu wawili kwa wakati mmoja.

Unakumbuka siku ile ya kwanza kuvua? Ulisimama upande wa migomba, kofia umeishusha mpaka puani, suruali hukuikunja hata kidogo kwa sababu yangu, ikaloa mpaka mapajani. Mimi nikashika ncha nyingine upande wa banda la bata, nimejitanda khanga mpaka nikawa naona kwa jicho moja, na hilo jicho moja nalo nimelielekeza mbinguni. Tukaanza kuvuta. Wavu ukagoma. Ukakohoa. Nikatazama mbingu. Ukapiga mluzi. Nikatazama mbingu. Ukagonga maji kwa fimbo, mimi nikaona hayanihusu. Mwisho uvumilivu ukakushinda, ukamgeukia bata dume aliyekuwa anaogelea kati yetu, ukapaza sauti: "Wewe bata! Mwambie huyo mama wavu umenasa kwenye kisiki!"

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope. Na wewe nilikusikia, ulicheka ndani ya kofia.

Tangu siku hiyo yule dume ukampa cheo. Ukamwita Nyapara, kwa kuwa kule kwenye mkonge, maneno ya mwenye shamba hayakufika kwa wakataji mpaka yapitie kwa nyapara. Asubuhi nikifika bwawani nilisema, "Nyapara, mfikishie Baba shikamoo." Nawe ulijibu kutoka kwenye migomba, "Nyapara, sema marahaba, watoto wameamkaje?" Nyapara wa kwanza alipokufa ukampa cheo mwanawe. Huyu wa sasa ni wa tatu. Waliokuwa wanapita njiani kwenda mashambani walisema yule mzee siku hizi anaongea na bata, sijui ni utu uzima. Tuliwaacha waseme. Nani angeelewa?

Biashara yote ulinifundisha kwa mdomo wa bata. Nakumbuka nilivyokasirika nilipoona kambare wanameza vifaranga vya perege. Nikapiga kelele, "Nyapara, mwambie Baba hawa kambare wake ni wezi, wanatulia mtaji!" Ukajibu bila haraka, "Mwambie Mama Tusa, perege anazaa bila kujihesabu. Tukiwaachia wote watajaa humu na hakuna atakayekua. Nyumba yenye watoto wengi kuliko ugali, hata mkubwa hanenepi. Kambare anatupunguzia, na yeye mwenyewe ni kitoweo. Ila asiingie mpaka perege wakubwa wawe wameshaushinda mdomo wake."

Nikatazama. Kweli perege wetu wakawa wa kujaza sahani. Siku nyingine nilikuwa nanung'unika kuhusu kufagia banda la bata, ukaniletea habari kwamba nisifagie mbali, nisukumie majini, kwa sababu kinyesi kile ndicho kinachoyafanya maji yawe kijani na ule ukijani ndio wanaoula perege. Kwa hiyo anayelisha bata amelisha samaki. Pumba tulipata kwenye mpunga wetu, na mpunga wenyewe ulinyweshwa maji ya bwawa yaliyokwisha kushiba mbolea. Ulipenda kusema kigoda cha mguu mmoja hakikaliwi. Perege walikwenda Mikumi kwenye magesti na hoteli za barabarani. Kambare tuliwabanika, wakanunuliwa na mama lishe wa hapa Kimamba na vibarua wa Kilangali wakati wa mavuno. Mayai ya bata yalinunua daftari na sabuni. Bei ya huyu ikishuka, yule alitushika mkono.

Na mwaka ule mto ulipofurika, maji yakaingia bwawani yakatoka na perege wetu wote, nilikaa juu ya tuta nikajiona nimekwisha. Ukamtuma Nyapara aniambie nisubiri maji yapungue. Yalipopungua, kambare walikuwa wamelala kwenye tope wanatutazama, na bata walikuwa wanashangilia tu, mafuriko kwao sikukuu. Kambare na mayai ndivyo vilivyotuvusha mpaka tukapata perege wengine. Wenzetu waliokuwa wamefuga aina moja walifukia mabwawa yao wakapanda viazi.

Kuna siku moja naishika sana, ndiyo inayonichoma leo. Tulipeleka samaki Mikumi, wewe mbele kwa dereva, mimi nyuma na ndoo, kama kawaida yetu. Mpishi wa ile gesti akafunua majani, akaona perege wanavyong'aa, akauliza, "Mzee, samaki hawa wa nani?" Wewe ukatazama malori barabarani, ukasema, "Wa kwetu." Hukusema "wangu". Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika ndoo, nikasikia. Nilirudi na hilo neno mpaka nyumbani. Ila aliyelisikia mwingine ni mpishi, na mpishi hakuitwa kwenye kikao.

Sasa tufike huko kwenye kikao, maana ndiko hasira yangu iliko.

Ulipolazwa Kilosa, mila ilinikataza kukuuguza. Nikapika uji, nikauleta, nikakaa nje ya wodi, chini ya dirisha la kitanda chako. Lusajo alikuwa ndani, ameshika bakuli. Nikakusikia, sauti imekwisha, unasema, "Nyapara. Nyapara, uko wapi? Mwambie Mama Tusa kambare wasitolewe. Mwambie bwawa ni la kwetu wawili, mimi na yeye. Watoto wasimsumbue." Nesi akamwambia Lusajo, "Mzee anaweweseka, anaita bata." Kuweweseka! Mimi nje pale nilijua kwamba hujawahi kusema neno la maana kuliko hilo. Nikasimama, nikasema dirishani, "Nyapara, mwambie Baba nimesikia." Ukanyamaza. Nadhani ulisikia. Kesho yake ukaondoka.

Siku ya kuanua matanga, watu wakiwa bado wamekaa chini ya turubai, mdogo wako akafungua kikao cha ukoo. Asajile akasimama na shati lake la kupiga pasi, akasema bwawa la baba sasa litakuwa mradi wa maana. Atafuga sato peke yake, ndivyo anavyowaita perege siku hizi, maana wasafiri wa Mikumi wanataka sato. Huo mchanganyiko wa samaki na bata na mpunga ni mambo ya kizamani, yanachafua maji na kuchanganya hesabu. Kambare watatolewa, eti wanakula faida. Nikangoja mtu aseme neno. Hakuna. Nikainua mkono mimi mwenyewe, nikasema bwawa lile tulilichimba mimi na baba, tukalifuga mimi na baba, na baba amesema ni letu wawili na kambare wasitolewe.

Mdogo wako akavua miwani. "Mama Tusa," akasema, kwa ile sauti yake ya kanisani, "hapo sijakuelewa. Kaka alikwambia lini? Mtu na mke wa mwanawe huwa hawasemezani. Au kuna jambo ukoo hatulijui?"

Umeona mtego ule, Baba? Nikisema uliniambia, nimekuaibisha kaburini kwamba ulikuwa unaongea na mkwe wako. Nikisema hukuniambia, sina changu. Nami sikutaka kusema uongo, nikasema ukweli wenyewe: "Alimwambia Nyapara."

Walicheka. Msibani, Baba, siku ya kuondoa matanga yako, watu walicheka wakashikana mabega. Asajile akasema, "Basi Nyapara aje atoe ushahidi!" Wakacheka tena. Nikamtazama Lusajo, mume wangu, aliyekuwa ameshika bakuli la uji pale kitandani. Alikuwa anatazama ndala zake. Alizitazama ndala zile kana kwamba zimeandikwa Zaburi. Na mdogo wako akahitimisha kwamba mke wa Lusajo alikuwa anamsaidia mzee, asante yake ipo kwa Mungu, bwawa ni la watoto wa mzee, na kwa kuwa bata ni mambo ya wanawake, Mama Tusa achukue bata wake, ndio mashahidi wake.

Alikuwa anamsaidia! Miaka yote ile nimevuta upande mmoja wa wavu, nimezama kwenye tope mpaka kiunoni na mimba tumboni, nikabanika kambare moshi ukanila macho, leo nilikuwa namsaidia mzee! Hivi nani humsaidia mwenzake kuvuta wavu? Ukiachia upande mmoja samaki wote wanatoka. Hata mtoto anajua hilo.

Niliwachukua bata. Niliwaswaga mchana kweupe katikati ya Kimamba, bodaboda wakinipisha na kuniuliza kama nahama na ukoo mzima. Ndiyo, niliwajibu, na ukoo wenyewe ndio huu. Nikawapeleka kwenye kile kipande changu cha mpunga chini ya reli, nilichokinunua kwa mayai yao. Nikaanza kuchimba. Siku ya pili Lusajo akaja na jembe, hakusema kitu, akaanza kuchimba kwenye kona nyingine. Huwa wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha mwanao kilikuwa kimya tu. Nilimpa maji ya kunywa na sikumpa neno. Jembe lake nilipokea, lakini jembe halikuwepo kikaoni.

Perege nilianza na wale waliokuwa wametorokea kwenye mfereji. Kambare niliwafuata Tindiga, majaruba ya mpunga yalipokuwa yanakauka. Nikawaingiza wakati ule ule ulionifundisha. Banda la bata nikaliweka juu ya maji, Nyapara akapanda juu akaanza kutoa amri zake. Maji yakawa kijani.

Na kule kwako? Kambare wote walitolewa siku moja, wakasombwa na pikipiki mpaka Mikumi, Asajile akaonekana amepata. Bata hawapo, maji yakawa meupe unaona mpaka chini, watu wakamsifu kwa usafi. Kwa kuwa maji hayana kitu, ikabidi kila chakula cha perege kitoke dukani kwa mfuko. Perege wakazaa. Hakuna wa kuwapunguza, wakazaa tena. Wakajaa kama ulivyosema, wote wadogo, wanagombea kila punje inayodondoka. Wasafiri wa Mikumi wakawa wanaletewa sahani wanauliza, "Hii ni sato au dagaa?" Niliposikia nilicheka, sikatai. Halafu nikaenda nikasimama mbali kidogo na lile bwawa letu, nikawaona wanavyohema juu ya maji, midomo wazi. Kicheko kikaniisha. Wale hawakukaa kwenye kikao chochote.

Siku ya mavuno yangu ya kwanza watu wakaja na ndoo zao, mama lishe, majirani, wapita njia. Mimi upande mmoja wa wavu, Lusajo upande wa pili. Mara pikipiki ikasimama, Asajile akashuka na dumu lililokatwa juu. Hakunisalimia. Akaongea na kaka yake kana kwamba mimi sipo: "Kaka, nitolee kambare kidogo nikaweke kule. Wale sato wamezidi."

Nikamgeukia bata. "Nyapara, mwambie shemeji kambare wapo. Lakini aseme kwanza anawapeleka kwenye bwawa la nani."

Watu wakacheka, safari hii si mimi niliyechekwa. Asajile akakunja uso. "Shemeji, mambo ya bata yaache bwana. Ongea na mimi."

Niongee na yeye! "Siku ile chini ya turubai ulimtaka bata aje atoe ushahidi," nikamwambia, "leo unataka kuongea na mimi? Bata hawatoi ushahidi, shemeji. Wangekuwa wanatoa, ungekuwa umehama Mikumi kwa aibu."

Ndipo Lusajo akaongea. Alikuwa bado ameshika ncha yake ya wavu, maji kiunoni. "Asa," akasema, "baba hakuwa anaweweseka. Mimi nilikuwa kitandani kwake. Alisema bwawa ni lake na la Mama Tusa. Nilisikia."

Utadhani nilifurahi. Baba, niliachia wavu! Samaki wangu wakaanza kutoka mbele ya wateja na sikujali. "Ulisikia?" nikamuuliza. "Na siku ya matanga masikio ulimwazima nani?"

Akasema, kwa sauti ya chini, "Niliogopa. Nikisema baba alikuwa anaongea na wewe, watu watasema hakuwa na heshima. Nilikuwa namsitiri baba."

Alikuwa anakusitiri. Mlikuwa mnasitiriana nyote, wewe kwa kofia yako, yeye kwa ndala zake, mdogo wako kwa miwani yake. Na heshima hiyo yote mliilinda kwa jasho langu. Nikamwambia hivyo mbele ya watu wote, na mama lishe mmoja akasema, "Mwambie, dada." Kisha nikamwambia Asajile kambare nitampa, kwa ajili ya wale perege na si kwa ajili yake, lakini kwanza maneno yale yaende yakasemwe pale pale yalipokataliwa, kwa mdomo, mbele ya mdogo wa baba.

Jumapili baada ya ibada tukakaa. Turubai halikuwepo, lakini watu walikuwa walewale. Lusajo akasimama akasema yote aliyosikia, jasho likimtoka. Mdogo wako akauliza kile alichokuwa anakitaka tangu mwanzo: "Kwa hiyo kaka alikuwa anazungumza na mkwe wake?"

Lusajo akaanza tena kutafuta ndala zake. Nikasimama. "Ndiyo," nikasema. "Tulizungumza kila siku. Shikamoo alinijibu. Kazi alinifundisha. Aliniheshimu kuliko ninyi mnaonisemesha usoni, maana yeye alipokuwa na neno la kuniambia alilifikisha."

Hakuna aliyecheka. Mdogo wako akavaa miwani yake, akasema kama ni hivyo basi wavu ulikuwa wa watu wawili, na upande wa Mama Tusa urudi kwa Mama Tusa, na Asajile ashike ule wa kaka. Ilimchukua sentensi moja tu, Baba. Sentensi moja, na wewe ulikuwa nayo miaka yote.

Hapo ndipo na wewe nakukasirikia, na nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo nzito. Ungegeuka mara moja. Siku ile Mikumi, mpishi alipouliza, ungesema, "Ni wangu na huyu mke wa mwanangu aliyeshika ndoo." Ungemwambia mdogo wako ukiwa na nguvu zako, mnakunywa chai. Ungeniacha na kitu cha kushika. Uliniachia bata. Nakupenda, Baba, hujawahi kuniudhi ukiwa hai, umeniudhi ukiwa umekufa, na sina wa kumshtakia ila wewe mwenyewe.

Jana tuliingia kwenye bwawa la zamani kuwapunguza wale wadogo ili kambare wapate nafasi. Bata nimewarudisha nusu. Asajile alisimama upande wa migomba, pale pale pako, suruali kaikunja mpaka magotini, hana habari. Mimi upande wangu. Tukavuta, wavu ukagoma. Nikafungua mdomo nimwite Nyapara. Halafu nikajizuia, nikamtazama shemeji usoni, nikamwambia mimi mwenyewe: "Wavu umenasa kwenye kisiki."

Hapo nililia. Nilikwambia mwanzo kwamba silii, basi nilidanganya. Nyapara alikuwa kati yetu anazunguka, anageuza shingo huku na huku, anangoja kutumwa.

Nimemaliza niliyokuwa nayo, Baba. Usijibu kwa kukohoa. Asajile anataka kile kisiki king'olewe kinasumbua wavu. Nimemwambia akikigusa tunarudi kikaoni.

Mkweo,
Mama Tusa